Kinyumenyume

Wengine walimjua kwa namba ya mgongoni, arobaini na nne.
Mimi nilimjua kwa visigino.
Misimu kumi na saba nilimnolea vyuma vya viatu
katika kijichumba nyuma ya uwanja wa Iisalmi,
jiwe likizunguka, cheche zikinirukia aproni,
redio ikitaja baridi: ishirini na nane chini ya sifuri.

Tuomo Rissala, beki wa kushoto.
Mshambuliaji hukimbia akitazama aendako;
beki hukimbia akitazama kinachomjia.
Miaka yake yote ya kazi aliienda kinyumenyume,
makalio yakitangulia, gongo likipapasa mbele,
na bado akijua ukuta ulipo
kama mtu ajuavyo mlango wa chumba chake gizani.

Mabao kumi na moja tu. Mechi mia sita na tatu.
Vilivyomgonga hakuna aliyevihesabu.
Kile kisahani cheusi cha mpira, kigumu kama jiwe la kusagia,
kilimvunja taya kule Rauma, kidole kule Oulu,
kikamng'oa meno mawili. Hayo aliyaokota mwenyewe,
akayatia ndani ya glavu, akamaliza zamu yake.
Mama yake, Lempi, alikaa safu ya nne akifuma soksi,
barafu haiangalii hata kidogo.
"Nikisikia watu kimya," aliniambia, "ndipo ninapoinua macho."

Sasa niseme la mwezi ule wa Machi.

Simu ililia nikiwa na kiatu chake cha kushoto mkononi.
Helvi, dada yangu, yuko hospitali ya Kajaani,
njoo upesi, njoo leo.
Simu nikaibana kwa bega, nikanoa kwa mkono mmoja.
Kila chuma kina makali mawili na mfereji katikati;
makali yakizidiana kwa unywele tu, mtu hana pa kusimama.
Sikupima.
Nilimpa kiatu, naye akakifunga.

Mbili kwa mbili, zimebaki dakika mbili.
Kijana wa Mikkeli akaja kwa kasi,
Tuomo akageuka kushoto, kama alivyogeuka mara elfu,
na barafu ikamkataa.
Nilimwona akikaa chini, taratibu,
kama mtu aliyeondolewa kiti.
Kisahani kikapita.
Lempi akainua macho.

Magazeti yalimwita mzee. Alikuwa na miaka thelathini na minne.
Kocha alisema umri haupigi hodi.

Usiku ule alikuja kijichumbani, soksi zimelowa,
akaketi juu ya kreti, akakipakata kiatu.
Akapitisha ukucha wa gumba juu ya makali,
mara huku, mara kule.
Mimi nikayatazama maji yakidondoka bombani.
Kisha akasema, "Barafu ilikuwa mbovu leo, Oiva."
Barafu ilikuwa kama kioo. Sote wawili tulijua.
Akaniuliza, "Helvi anaendeleaje?"

Mkataba hawakumpa tena. Mwaka mmoja Slovakia,
nusu mwaka Austria, akarudi akichechemea;
kisha kiwanda cha mbao, zamu ya alfajiri.

Juzi aliniletea viatu vya Venla, binti yake,
saizi thelathini na mbili, kamba za zambarau.
Nilivinoa. Nikapima mara tatu, nikapima tena.
Neno lilikuwa limenikaa kooni miaka tisa.
"Tuomo," nikasema, "ule mwezi wa Machi..."
Lakini yeye alikuwa ameshaufikia mlango,
viatu kifuani, anatoka kinyumenyume,
anausukuma kwa mgongo bila kuutazama.
"Anataka kucheza mbele, huyu," akasema.
"Habari za kulinda hataki hata kuzisikia."
Theluji ikaingia kidogo
kabla mlango haujajifunga.