Viti vya Nati

Ukumbi wa maigizo umekwisha, pale juu ya Kirumba,
zege limejikunja kama jiwe lenye baridi yabisi.
Luhende wa mashine ya kusaga anauliza:
mji mzima huu mawe,
mabilioni yote yale mmetengenezea jiwe?

Kwilasa, mchomea vyuma, yeye kaupenda.
Aliutazama alfajiri kutoka kivuko cha Kamanga.
Unameta, anasema, kama mgongo wa sangara
aliyetolewa majini sasa hivi.
Dada yake kaona sufuria iliyobinuka.

Kongoti hawakuulizwa.
Wamehamia paani bila kodi,
na maoni yao, meupe, yanachuruzika
hadi kwenye kioo cha mlango mkuu.

Mimi niliingia na shangazi Minza,
aliyecheza ngoma za mashindano hadi goti likakataa.
Hakutazama dari. Hakutazama taa.
Alishika kiti, akakitikisa.
Kimefungwa?
Kimefungwa, shangazi.

“Kwetu Magu ngoma mbili hupigwa uwanja mmoja.
Huyu akikuchosha, unavuka kwa yule.
Jioni tunaangalia vumbi limeelemea wapi,
huyo ndiye kashinda.
Hapa mtu akinichosha
nitavukia wapi?”

Msanifu alikuwa nyuma yetu, kofia ya plastiki kwapani.
Alifungua daftari, akaandika, akakata.
Kisha akachuchumaa kwenye safu ya tatu,
akapima nati kwa kidole gumba.

Spana kumi na tatu, alinong’ona.

Nikamwambia Kwilasa anayo.