Saa Kumi ni Saa Kumi

Usiku wa kuamkia Alhamisi nilimwaga kila kitu mkekani:
tochi mbili za kichwa, ya tatu ya mkononi,
betri ndani ya soksi zisigusane na funguo,
kamba, filimbi ya mwanangu ya skuli,
tende, maji lita nne kwa kila mgongo,
na kisu chembamba cha kukatia masega.
Shinuna akapita na birika, akasema,
"Kama mtu anayehama."
Anayehama hawazi kurudi, nikamjibu. Mimi nawaza kurudi tu.

Nikampa karatasi.
Gari tunaliacha kwenye mkunazi uliopigwa radi.
Tunapanda korongo la kushoto, si la kulia.
Saa kumi tunageuka, tupate tusipate.
Ikifika saa tatu usiku hujatuona, usinipigie mimi,
kule simu ni jiwe. Mpigie Ghasib, kisha polisi,
uwasomee hii kama ilivyo, usiongeze machozi.
Akaibandika kwenye friji, chini ya sumaku ya samaki.

Nasema haya kwa sababu ya Muhenna.
Mwaka ule tulikuwa na tochi moja na ujana,
na asali kilo tatu iliyotulevya kabla ya kuilamba.
Tochi ikafa juu ya Al Hamra, taa za mji tunaziona
karibu, karibu kabisa, chini ya hewa tupu.
Tulikaa ukingoni tumeshikana mikanda hadi alfajiri.
Goti lake mpaka leo hutabiri mvua,
na hukosea mara chache.

Basi nikamfundisha Azan kutazama nyuma.
Kila hatua mia, geuka, mwanangu.
Njia ina nyuso mbili,
na utakayokutana nayo gizani
ni ile uliyoipa kisogo mchana.
Mgunga uliolala. Mawe matatu, la juu tumeliweka sisi.
Jabali lenye ufa, kama mdomo wa mtoto anayekataa dawa.
Akacheka, lakini akageuka.
Nikamwonyesha na mawingu ya upande wa Jabal Shams:
mvua inayonyesha kule, huku huja kwa miguu.

Adhuhuri, kwenye kidimbwi, nyuki mmoja mdogo alikunywa,
akazunguka mara mbili, akashika njia yake.
Tukamfuata yeye, kisha mwenzake, kisha mwingine,
shingo zinauma, jua machoni,
hadi mwanya wa mwamba, na sega linaning'inia ndani,
jeusi kwa migongo yao,
umbali wa kamba na ujasiri kidogo.
Nikatazama saa. Kumi kamili.

"Dakika ishirini tu, ami."
Mate yalinijaa, sisemi uongo.
Lakini kivuli kilikuwa kimeshapanda ukuta wa pili,
na dakika ishirini za mlimani
huzaa njiani.
Nikaikunja kamba. Azan hakusema nami hadi kwenye mgunga.

Ndani ya korongo, usiku hauingii, huanguka.
Tochi ya mkono ishushe kiunoni, nikamwambia,
mwanga wa kichwani peke yake huyalaza mawe yote sawasawa;
ukitoka chini, kila jiwe husimama na kivuli chake.
Ndivyo alivyomwona yeye kwanza, si mimi:
nyoka mfupi, rangi ya changarawe, katikati ya njia.
Tukasubiri. Alikuwa na haki ya kupita.
Mawe matatu. Ufa wa jabali.
"Mtoto wa dawa," Azan akasema, sauti imerudi.

Saa tatu kasoro dakika kumi.
Shinuna kasimama mlangoni, karatasi mkononi,
miguuni viatu vyangu vya zamani vya mlima,
kamba amezifunga fundo mbili mbili.
"Mwandiko wako mbaya," akasema.
"Na asali?"
Ipo, nikamwambia. Pale pale ilipo.
Akakaa kizingitini, akaanza kufungua fundo,
na vidole vyake, niliona,
havikuwa vikimtii.