Kitasa cha Tatu

Kitasa cha kwanza nilimtoza dola arobaini,
nikamwandikia risiti.
Cha pili nilinung'unika ngazi nzima:
wapangaji wa siku hizi, mali ya mtu haiwaumi.
Cha tatu nimepiga goti, bisibisi mkononi,
Winnipeg nje imeganda,
nikaona mbao zimepasukia ndani.
Nani huvunja mlango wa bafu kutoka nje?

Miaka kumi na tisa nakodisha nyumba hii.
Bomba linaloumwa nalijua kwa mlio.
Lakini lile tundu ukutani, usawa wa bega la Wenda,
nililisoma kama hasara.

Pelletier wa chini kaniletea barua:
kelele, saa saba za usiku, mara nne mwezi huu.
Anataka niwatoe.
Nilikwisha keti, kalamu wazi,
Garth na Wenda kwenye mstari mmoja wa notisi,
kana kwamba waliopiga kelele ni wawili.
Wino ukagoma. Au ni mimi.
Ningemtoa aende wapi na theluji hii,
na yule yule akiwa ubavuni mwake?

Nikangoja lori la Garth liondoke.
Nimekuja kuangalia redieta, nikasema,
na kweli niliiangalia.
Skafu shingoni, ndani ya nyumba yenye joto.
"Niliteleza barafuni," akasema kabla sijauliza.
Sikubishana. Barafu ipo.
Nikasema yaliyo yangu:
kitasa hiki hakina deni.
Ukitaka kuhama kesho, mkataba nitauchana,
sikudai hata senti.
Ukitaka abaki nje yeye, kuna sheria, kuna karatasi,
tutazitafuta pamoja.
Lakini nikisikia kilio, nitapiga simu,
na hilo sikuombi ruhusa.

Nambari ya nyumba ya kinamama niliiandika
nyuma ya risiti ya redieta.
Hakuitikia. Aliikunja mara mbili, mara nne,
ikawa ndogo kama kidonge,
akaisukuma ndani ya soksi.

Pelletier nimemjibu: ukisikia tena,
usiniandikie mimi, Halyna. Waite wanaoweza kuja.

Sasa ni saa saba za usiku. Nimelala na viatu.
Jana nilizitia mafuta bawaba za mlango wa mbele,
zote tatu, hadi zikanyamaza,
ili atakayetoka asisikike.
Asisikike hata nami.
Ndiyo maana nakodoa dari,
sijui kama bado yupo.