Kiuno cha Nani

Mji wetu jina lake maana yake mashua,
na mto hatuna.
Mito ilikuwapo, ikafungiwa mabombani enzi za viwanda;
tunapita juu yake na tramu
tukisoma magazeti.
Ndiyo sababu nikasema: Lodz imetutosha,
wikendi ya pili ya Julai twendeni Pilica.

Shangazi Halszka akaweka kikombe chini.
"Kina chake?"

Nikampigia bwana Bogumił, mkodishaji kayaki.
Akacheka kicheko cha mtu anayeulizwa hilo tangu Mei.
"Mwambie maji ni ya kiunoni, chini mchanga mtupu.
Ukipinduka unasimama, unapangusa uso, unaendelea."
Nikamwambia.
Akalifikiria.
"Kiuno cha nani?"

Hakuna aliyecheka, maana swali lilikuwa la haki.
Ksawery ana mita mbili kasoro vidole vinne.
Tytus ana miaka tisa, na bado anaota meno.
Shangazi mwenyewe, na viatu vyake vya kanisani,
anafika penye mpini wa jokofu, basi.
Nikapiga tena.
Safari hii bwana Bogumił alikaa kimya kidogo,
kisha: "Mko wangapi, na mna urefu gani?"

Basi tukapimana
kwenye fremu ya mlango wa jikoni, kwa penseli,
palepale penye alama zangu za utotoni.
Hatukupima vichwa. Tulipima viuno.
Cha Tytus na cha Shangazi vikaachana upana wa kiganja,
na mpango mzima ukashuka
hadi kwenye mstari ule wa chini.

Kwa hiyo Jumamosi ni Spała hadi Inowłódz, basi,
asubuhi, kabla jua halijawa na hasira.
Jumapili tutaona mabega yanasemaje.
Kayaki za watu wawili, zile pana
ambazo wajuzi huziita mabafu.
"Shangazi akae mbele," nikasema, "aone kila kitu."
"Kuona kila kitu ndiko nisikokutaka. Niweke nyuma."
"Wa nyuma ndiye anayeongoza."
Chai ikapoa.
"Basi nyuma."
Ksawery mbele, na uzito wake wote;
pua ya kayaki itainama. Acha iiname.

Nimeandika: majaketi ya kuokolea,
yafungwe nchi kavu, siyo tukishalowa.
Viatu visivyoogopa maji. Kofia. Maji ya kunywa,
kwa kuwa ya mtoni ni ya kutazama.
Simu zitakaa ndani ya chupa ya matango,
nimeiosha mara mbili, ingali inanuka vitunguu saumu.
Ngurumo ikisikika tunatoka, hatubishani.
Ksawery kaongeza kwa mwandiko wake: soseji.
Chini yake Tytus: soseji tena.

Jana usiku tulifanya mazoezi.
Zuliani, wawili wawili, miguu imenyooshwa,
mafagio kwa makafi,
na Tytus na mwiko, kwa vile mafagio yalikwisha.
"Kulia!" nikasema, wakapiga kushoto.
Kabati la vyombo likagongwa ubavuni, glasi zikalia.
Tukajaribu tena, tukagongana wenyewe kwa wenyewe,
mpaka bibi Rozalia wa ghorofa ya chini
akaanza kututwanga dari yake kwa fagio lake,
kwa hasira, kwa mpigo mmoja usiopotea:
du, du, du, du.
Shangazi hakugeuka. Akaufuata.
Kulia du, kushoto du,
sisi nyuma yake, na kwa mara ya kwanza
mafagio yote yakashuka pamoja.

Asubuhi hii nimeenda kuchemsha maji,
nikakuta kwenye fremu ya mlango mstari mpya,
juu kidogo ya kiuno chake,
na pembeni, kwa mwandiko uleule
alioandikia risiti za posta miaka thelathini:
*nikisimama kwa ncha za vidole.*

Nimelipa nusu. Mabafu mawili.