Ndoo Nne za Mchanga

Saa nane usiku, Kigamboni, banda la nyuma,
Shilingi amelala chali juu ya magodoro sita ya sponji,
miguu yote minne imefungwa kamba, kwato zinatazama dari,
kama meza iliyopinduliwa na walevi.

Tulimnyanyua kwa winchi ya kunyanyulia injini.
Fundi Mkwizu aliileta kutoka Gerezani kwa kivuko,
akiuliza njia nzima: gari gani hilo?
Alipoona kwato akavua kofia.

Mchana alianza kwa kugeuka kutazama ubavu wake,
kama mtu aliyeitwa jina asimwone anayemwita.
Akachimba chini. Akalala, akainuka, akalala.
Ufizi rangi ya zambarau.
Niliweka sikio tumboni, upande wa kulia,
pale ambapo siku zote husikika lori likimwaga kokoto mbali.
Kimya.

Farasi hatapiki. Hilo nilifundishwa wiki ya kwanza.
Koo lake ni mlango wa kuingilia tu.
Tunasema punda afe mzigo ufike;
huyu mzigo wake alikuwa ameumeza.

Bwana Kassamali kwenye simu, sauti ya mtu aliyeamshwa:
"Sindano ya kumlaza moja kwa moja ni kiasi gani? Na upasuaji?"
Dakta Ngonyani, na vumbi la Morogoro bado viatuni,
alitaja namba zote mbili bila kuzipamba.
Simu ikanyamaza. Nikahesabu mapigo: themanini na nne kwa dakika.
"Pasua," akasema, akakata,
nadhani asije akabadili nia.

Kisu kilipita katikati ya tumbo, kwenye ule mstari mweupe
ambapo nyama za kushoto na za kulia zimeshikana mikono.
Dakta akaingiza mkono hadi kwapani, akafumba macho.
Humo macho hayana kazi.
"Umejisokota," akasema. "Na ni mzito."

Nikapewa niupokee. Utumbo mpana wa farasi
haubebwi viganjani. Unaubeba kwa mikono yote,
kama mtoto mkubwa aliyesinzia sebuleni:
wa moto, unateleza, rangi ya bilinganya.
"Usiuminye. Usiuvute. Ushike tu."

Hapo umeme ukakatika.
Mkwizu akawasha simu mbili, ya tatu akaing'ata kwa meno.

Dakta akatoboa pale utumbo unapopinda,
tukaingiza mpira wa kumwagilia bustani,
ukatoka mchanga.
Si matope, si majani. Mchanga mweupe wa uani petu,
ule ninaoufagia kila asubuhi.
Ndoo ya kwanza.
Ya pili. Ya tatu.
Ya nne haikujaa.

Sasa nisemeje. Hori la mbao lilioza Machi.
Niliandika daftarini: hori. Nikajibiwa: mwezi ujao.
Nikawa namwaga majani chini, asubuhi na jioni,
naye akaokota jani na chembe, jani na chembe.
Nilimlisha ua mzima.

Dakta hakuniuliza. Aliosha, akanyoosha, akangoja.
Rangi ikarudi taratibu, kingo kwanza.
"Unaona?" akasema. Nikaona.
Akashona hadi muezini wa ng'ambo ya ukuta akakohoa kwenye kipaza sauti.

Shilingi alisimama saa mbili asubuhi, baada ya kuanguka mara tatu.
Kesho yake alasiri akanya.
Tulishangilia mavi, mimi na Mkwizu,
ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kurudi.

Mwashi aliyekuja kujenga hori la saruji
aliuonja mchanga wetu uliooshwa, akautema. "Una chumvi huu."
Ndoo moja inazuia mlango wa banda upepo ukivuma.
Nyingine sijui zilikwenda wapi.

Kila asubuhi natia mavi kwenye glovu,
najaza maji, naitundika msumarini.
Mkono wa mpira unaning'inia, vidole chini,
nami nasubiri mchanga utulie.

Leo umejaa ncha ya kidole kimoja tu.
Cha shahada.