Pengo

Kuna ungo wa kupepetea, na kuna ungo wa kunasia mawimbi.
Hapa Chajnantor tunazo nyungo sitini na sita za aina ya pili,
na mimi, Eleuterio Liendro, ndiye mbebaji.
Tani mia mgongoni mwa lori la magurudumu ishirini na manane,
mwendo wa mtu amsindikizaye mgeni aliyempenda.
Mita elfu tano. Mrija wa oksijeni puani.
Hewa ya huku ni ya kukopa.

Wageni huuliza: mnasikia nini?
Hatusikii kitu. Redio hii haina mtangazaji.

Kuna nyota changa, haina jina,
ina namba ndefu kama ya hati ya kiwanja.
Imejiviringishia vumbi na gesi
kama mtoto aliyegoma kutoka kwenye shuka.
Vumbi lile ni la baridi, jicho halilioni;
linatoa mawimbi mafupi
kuliko punje ya kinoa anayoipepeta mama kule Toconao.
Na gesi yake, Daktari Murooka alinitajia bila kujua,
ni ileile ya jiko la mkaa
iliyomkuta mjomba Hilario usingizini,
Calama, Julai, madirisha yamefungwa.
Kule inazunguka tu. Haimvizii mtu.
Kwa kasi yake wanaipimia nyota uzito.

Mwezi wa Mei nilizitawanya nyungo,
moja moja, kila moja na msingi wake.
Zikikaa karibu huona kwa ukungu;
zikiachana, ndipo zionapo vizuri.
Sijui kwa nini jambo hilo lilinikosesha usingizi.

Kisha Murooka akaniita kwenye skrini:
pete ya dhahabu, giza, pete nyingine.
"Hapa kuna kitu," alisema,
akigusa mahali pasipo na kitu.
Sayari inakua humo, inalamba njia yake.

Nikacheka. Samahani, Daktari.
Nilimkumbuka mjukuu wangu Anais,
miaka sita, meno mawili ya mbele hana,
siku hizi anacheka kwa kiganja mdomoni.

Jumapili nilimchorea pete zile
kwenye vumbi la mlangoni, mama hajafagia bado.
Nikamwonyesha pengo.
Akaliangalia sana. Akauliza litaziba lini.
Miaka milioni kadhaa, nikasema, labda zaidi.
Akapitisha ulimi kwenye ufizi, akipapasa kitu kigumu.
"Basi la kwangu," akasema, "litatangulia."