Chombo cha Sita

Unga huu haupendi maji.
Ukiunyunyiza juu ya bika unaelea,
mweupe, mkavu, na kiburi cha mgeni
aliyekataa kuvua viatu mlangoni.

Debrecen, Februari, saa tatu usiku.
Boglárka amevaa sweta chini ya koti jeupe.
Joto la jengo limezimwa, la maji halizimwi:
nyuzi thelathini na saba, kama tumbo la mtu.
Vyombo sita vya kioo, makasia sita,
na mimi, mwandika namba.

Muuguzi mmoja alituletea kidonge
ndani ya mfuko wa plastiki.
Kilipita kwa mgonjwa toka kinywa hadi choo
na alama yetu haikufutika.
"Mmemuuzia jiwe," alisema,
akaondoka bila kukaa.

Tangu siku hiyo Boglárka ni mtu wa pete.
Pete za sukari, uzao wa wanga:
nje zinapenda maji, ndani zinapenda mafuta.
Dawa yenye haya inaingia mle,
inajistiri, inavushwa.
Anaikanda kwenye kinu cha kauri
kwa pombe kidogo na maji kidogo,
kama kinyunya cha mkate. Hapana, zaidi ya hapo:
dakika arobaini, mpaka kiwiko kilalamike.

Kisha mashine.
Dezső haangalii saa, anasikiliza.
Akibana kidogo, kidonge kinamegeka mfukoni
kabla hakijaiona nyumba ya mgonjwa.
Akibana sana, jiwe lile lile.
Akiharakisha, kinavua kofia:
tabaka la juu linabanduka, pa!
na vipara mia vinateremka kwenye trei.
"Hewa," anasema. "Ipe muda wa kutoka.
Hata mtu ukimbana ghafla hupasuka."

Tunachotaka hakina adabu:
kiwe kigumu njiani, laini kikifika.
Kivumilie lori, droo, vidole vinavyotetemeka,
halafu tone la kwanza likikigusa
kisahau kwamba kiliwahi kuwa kitu.

Dakika ya nne, cha kwanza kinavimba.
Ya saba, cha pili, cha tatu, cha tano,
vijiwingu vinavyoinuka na kutoweka.
Cha nne kinachelewa, lakini kinakwenda.
Cha sita kimekaa chini ya kasia
na alama yake inasomeka.

Boglárka anainama,
pumzi yake inatia ukungu kwenye kioo.
"Andika."
Ninaandika: sita, bado.
Anavua saa ya mkononi,
anakivuta kinu karibu.